Kuongezewa oksijeni, si "tiba ya hewa safi"

Karatasi iliyonifikia majuzi, yenye mhuri wa kamati fulani, inaagiza kwamba mtoto njiti aliyewekewa oksijeni asemwe yuko kwenye "tiba ya hewa safi". Hewa safi ipo kijijini Kasekese, tena bure. Upepo wa miombo hauna mtungi wala geji. Oksijeni yake ni asilimia 21, na njiti anakimbizwa hospitalini Mpanda kwa kuwa hiyo 21 haimtoshi.

Waheshimiwa wanadai "oksijeni" ni neno geni. "Hewa" je? Ni Kiarabu, sawa na "tiba", sawa na "safi". Katika fungu lao lote Kibantu ni "ya" peke yake. "Oksijeni" ililetwa na Mfaransa Lavoisier miaka ya 1770, kwa mizizi ya Kigiriki yenye maana ya mzaa asidi, akiamini kila asidi hutokana nayo. Alikosea. Wajerumani wakalitafsiri kosa lenyewe, wakapata Sauerstoff, yaani dutu chachu, na wanalo hadi leo. Sisi tulilichukua jina bila kulitafsiri, tukasalimika.

Ninalolitetea ni "kuongezewa oksijeni". Sikulitunga, lipo wodini, jirani ya kuongezewa damu na kuongezewa maji. Kitenzi hicho kinasema mawili kwa mpigo: mtoto ana pumzi yake, na anayeongeza anapima. Kupima ndiko kwenye uzito. Oksijeni ikimzidi njiti, mishipa midogo ya retina huota ovyo; mapafu yanapona, macho yanakwenda. Stevie Wonder, njiti wa mwaka 1950, alipofuka hivyo. Sasa nani amewahi kuonywa apunguze hewa safi?

Nilipoyasema haya kikaoni, mjumbe mmoja aliuliza shahada yangu ni ya nini. Ndugu huyo ndiye anayeita kila mpira wa puani "mashine ya kupumulia", hata ule usiompumulia mtoto bali unamsindikizia tu pumzi anayoivuta mwenyewe. Mama aliyetoka Kasekese akiambiwa mwanawe yuko kwenye mashine, anaanza kupiga simu nyumbani kuita ndugu.

Matumizi ni mepesi: "Mama, tunamwongezea mwanao oksijeni, nusu lita kwa dakika, kiwango chake kwenye damu kikipanda zaidi ya asilimia 95 tutampunguzia." Hakuna nesi anayehitaji semina kuyatamka hayo.