Penseli na Pingili ya Shingo

Mbuzi akishachinjwa Garissa, Kenya, na supu ikanywewa, shingoni hubaki mifupa saba. Ngamia ana saba pia. Twiga wa hifadhi ya Bour-Algi, karibu na mji, naye anayo saba, sawasawa na binadamu. Mwanafunzi wa biolojia hapa hana haja ya kungoja kielelezo cha plastiki. Somo limo sufuriani.

Mtoto wa mfugaji huijua mifupa hiyo tangu udogoni, ila darasani hutakiwa aichore: penseli iliyochongwa, mstari usiokatika, bila kutia kivuli, mistari ya majina isipishane. Hapo ndipo hugundua kwamba pingili ya kwanza ni pete yenye mabawa mapana na vikombe viwili vya kukalia fuvu, na ya pili ina kijino kinachochomoza mbele. Kichwa kikiitikia, ya kwanza ndiyo inayofanya kazi. Kikikataa, huzunguka kwenye kijino cha ile ya pili.

Kujifunza mwili kwa mchoro ni jambo la kale. Mwishoni mwa karne ya 14, Mansur ibn Ilyas wa Shiraz, Uajemi, alitunga kitabu chenye michoro ya mwili mzima: mifupa, neva, misuli, vena na ateri. Huko Padua, Italia, mwalimu wa anatomia Andreas Vesalius aliwachorea wanafunzi wake mishipa ya damu, nao wakaipenda. Mwaka 1538 akachapisha karatasi 6 za michoro, na 1543 kitabu chake kikuu. Mwaka 1858, jijini London, Henry Vandyke Carter alichora michoro ya kitabu cha anatomia cha Henry Gray, akayaandika majina juu ya viungo vyenyewe ili jicho lisihangaike pembeni.

Afrika Mashariki, mafunzo ya udaktari yalianza Makerere, Uganda, mwaka 1924. Chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, KMTC, kilianzia Nairobi mwaka 1927, na leo kina tawi Garissa. Humo pia watu hujifunza kwa mchoro: ubaoni, choki nyekundu ni ateri, bluu ni vena.

Jioni mwanafunzi huufunika mfupa, akachora kwa kumbukumbu, kisha akaufunua alinganishe. Kijino kimesahaulika? Hufuta, akaanza upya. Aliyepitia duksi, yaani chuo cha Kurani, akaandika aya kwa wino wa mkaa juu ya loho, akahifadhi, akaosha na kuandika tena, haoni ajabu kufuta.