Kichocho, Mifereji ya Tana na Saratani ya Seli Bapa

Saratani ya seli bapa ya kibofu cha mkojo ni nadra katika nchi za Ulaya na Marekani Kaskazini, ambako uvimbe mwingi wa kibofu huanzia kwenye seli za kawaida za utando wake. Hali hubadilika pale ambapo vizazi vya wakulima vimesimama katika maji yenye kichocho. Misri ndiyo mfano ulioandikwa zaidi. Bonde la chini la mto Tana nchini Kenya, kuanzia Bura kushuka Hola na Garsen hadi deltani, lina mdudu yuleyule, konokono wa jamii ileile, na tangu miaka ya 1950 lina mifereji ya aina ileile. (Bura inayozungumzwa hapa ni ya Tana River, si Bura ya Taita.) Kwa hiyo ugonjwa huu una historia mbili katika bonde hilo: ya maji yaliyochimbiwa njia, na ya jeni zinazoharibika ndani ya kibofu. Ya kwanza ndiyo iliyoamua zaidi nani augue.

Kichocho cha mkojo husababishwa na mnyoo uitwao Schistosoma haematobium. Mayai yake hutoka na mkojo, huanguliwa yakikuta maji yasiyo na chumvi, na viluwiluwi vyake huingia ndani ya konokono wa jenasi ya Bulinus. Baada ya wiki kadhaa konokono huyo hutoa maelfu ya viluwiluwi vya aina nyingine, vinavyopenya ngozi ya mtu, hasa saa za mchana jua likiwa kali, ambazo ndizo saa watoto wanapenda kuogelea. Minyoo iliyokomaa huishi kwa miaka katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Jike hutaga bila kupumzika. Mayai yanayofanikiwa kupita hutoka na damu, na ndiyo maana dalili inayojulikana na kila mtu ni kukojoa damu. Yanayokwama hubaki kwenye ukuta wa kibofu, hukauka na kugeuka kama chokaa, na mwili huyapiga vita kwa miaka mingi bila kuyaondoa.

Mdudu huyu alitambuliwa Kairo mwaka 1851 na tabibu Mjerumani Theodor Bilharz. Ugonjwa wenyewe ulikuwa na umri mkubwa zaidi: mwaka 1910 Marc Armand Ruffer alieleza mayai yake ndani ya figo za maiti zilizohifadhiwa tangu enzi za mafarao. Mwaka uliofuata A. R. Ferguson, mwanapatholojia wa Kairo, aliandika kuhusu wagonjwa 40 waliokuwa na kichocho pamoja na saratani ya kibofu. Robert Leiper alithibitisha kazi ya konokono mwaka 1915, huko huko Misri. Tangu hapo hakuna mhandisi wa umwagiliaji aliyeweza kudai kwa haki kwamba hakuonywa. Wamisri walikuwa wameacha kutegemea mafuriko ya mara moja kwa mwaka na kuchukua mifereji yenye maji mwaka mzima, na kila mfereji ulipofika, konokono walifuata.

Mto Tana, mrefu kuliko yote nchini Kenya, kwa karne nyingi ulilimwa kwa kufuata mafuriko. Wapokomo walipanda mpunga, mahindi na ndizi kwenye kingo na katika mabonde yaliyoachwa na maji, huku Waorma na Wawardei wakishusha ng'ombe mtoni wakati wa kiangazi. Mto wenyewe huhama. Unapoacha mkondo mmoja na kushika mwingine, nyuma hubaki maziwa madogo na madimbwi, kama yale yaliyo karibu na Garsen, yenye magugu ambayo Bulinus huyapenda. Basi kichocho hakikuletwa pwani na mradi wowote. Kilichobadilika ni kwamba dimbwi lililokuwa likikauka sehemu ya mwaka lilipata mwenzake asiyekauka, tena mlangoni pa nyumba.

Mabadiliko hayo yalianzia Hola, katikati ya miaka ya 1950, kwa njia ya aibu. Serikali ya kikoloni iliwapeleka huko wafungwa wa Mau Mau kuchimba mifereji ya mradi wa umwagiliaji. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa na walinzi hadi kufa baada ya kukataa kazi. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Uchunguzi wa maiti uliufuta uongo huo, na kashfa yake ilitikisa Bunge la Uingereza. Mifereji iliendelea kuchimbwa. Katika miaka iliyofuata Hola ikawa mfano unaotajwa katika vitabu vya afya na umwagiliaji kuhusu jinsi kichocho cha mkojo kinavyoshamiri baada ya maji kufika nyikani. Mradi huo ulisimama mwaka 1989, mto ulipohama na kuziacha pampu pakavu.

Jambo la ajabu ni kwamba mfumo uleule wa maji umegawanyika kati ya minyoo miwili. Mwea, mradi mwingine ulioanzishwa kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau, unatumia mito Thiba na Nyamindi, ambayo maji yake huishia Tana. Lakini Mwea ni nchi ya juu na ya ubaridi kiasi, na kichocho chake ni cha utumbo, kinachobebwa na konokono wa jenasi nyingine asiyestahimili joto la pwani. Kichocho cha utumbo huharibu ini na matumbo. Saratani ya kibofu hufuata kile cha mkojo, yaani kile cha Hola, Bura na Garsen.

Bura ilikuwa ndoto kubwa zaidi. Mradi wa Umwagiliaji na Makazi wa Bura ulitathminiwa na Benki ya Dunia mwaka 1977, ukiwa na lengo la kumwagilia hekta 6,700 na kukaliwa na zaidi ya familia 5,000, zitakazochukuliwa kutoka pande mbalimbali za Kenya. Zao kuu lilikuwa pamba. Walowezi wa kwanza walifika mwaka 1981. Gharama zilipanda kuliko ilivyotarajiwa na mpango ukakatwa. Ziliendelezwa takriban hekta 2,500 tu. Maji yalivutwa kwa pampu za dizeli pale Nanigi, na pampu hizo zilitegemea mafuta na vipuri ambavyo havikuwahi kuwa vya uhakika. Mkulima wa Bura hivyo alipata mabaya ya pande zote mbili: pamba ilikauka pampu zilipozimika, na maji yaliyosimama mferejini yalibaki ya kunywa, kufulia na kuogea. Mfereji unaokwenda kasi huwasumbua konokono. Unaosimama na kuota magugu huwafuga. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilimo cha Bura kilikuwa kimeporomoka, na mathenge, miti iliyopandwa huko katika miaka ya 1980 ili wakazi wapate kuni, ilikuwa ikienea hadi ndani ya mashamba. Shirika la taifa la umwagiliaji lilirudi kuufufua mradi katika miaka ya 2000, na katika mwongo uliofuata mfereji wa kuleta maji kwa mteremko badala ya dizeli ukaanza kuchimbwa. Huko chini, karibu na Garsen, mashamba ya mpunga ya mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi yalisombwa na mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998.

Saratani haifuati kichocho kwa haraka. Mtoto huambukizwa akiwa na umri wa shule, hupona au huambukizwa tena mara nyingi, na uvimbe hujitokeza miaka 20 au 30 baadaye. Nchini Misri wagonjwa wengi walikuwa wanaume wakulima wa miaka 40 hadi 50 na kitu, wadogo kwa mwongo mmoja au zaidi kuliko wagonjwa wa kibofu wa Ulaya. Kwa hesabu hiyo, watoto waliokulia kando ya mifereji ya Bura katika miaka ya 1980 ndio kwanza wanaingia umri wa hatari. Rejista za saratani za Kenya zilianzia mbali nao, Eldoret mwaka 1999 na Nairobi mwaka 2001. Mgonjwa wa Tana River huonekana kwenye takwimu akifika hospitali kubwa ya Mombasa au Nairobi, na mara nyingi hufika akiwa amechelewa.

Njia ya kutoka yai hadi uvimbe inaeleweka kwa sehemu kubwa. Utando wa kawaida wa kibofu hutanuka na kunywea pamoja na mkojo. Ukikwaruzwa na mayai kwa miaka, hujigeuza kuwa tabaka la seli bapa kama za ngozi, ambalo ni gumu zaidi lakini si mahali pake. Uchunguzi wa seli za mkojo katika wilaya ya Kwale, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kuwa mageuzi hayo huonekana zaidi pale penye kichocho kingi. Juu ya jeraha hilo huja bakteria, wanaobadilisha naitreti za mkojo kuwa nitrosamini, kemikali zinazoharibu jeni. Seli za kinga nazo humwaga sumu za oksijeni zinazokata jeni hizohizo. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, liliuweka mnyoo huu katika kundi la kwanza, la visababishi vilivyothibitika vya saratani kwa binadamu.

Ni jeni zipi basi huharibika? Hapa historia inahamia maabara. Mapema miaka ya 1960 Stanley Cohen alipata, kwenye tezi za mate za panya, protini iliyofanya vitoto vya panya vifumbue macho kabla ya wakati. Hicho ndicho kichocheo cha ukuaji wa ngozi. Kipokezi chake, protini inayokaa juu ya seli na kupeleka ndani amri ya kugawanyika, kilichunguzwa zaidi kwa kutumia seli ziitwazo A431, zilizokuzwa kutoka uvimbe wa seli bapa. Seli hizo zilipendwa kwa sababu zilikuwa na vipokezi vingi kupita kiasi. Mwaka 1984 muundo wa jeni ya kipokezi hicho, EGFR, uliposomwa, ilionekana kwamba ndani ya seli hizo nakala zake zilikuwa zimerudufishwa mara nyingi. Cohen alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini.

Kwa hiyo kipokezi hiki kilijulikana kupitia saratani ya seli bapa. Lakini mwaka 2004, yalipogunduliwa mabadiliko ndani ya maandishi ya EGFR yanayofanya dawa za kuziba kipokezi hicho, kama gefitinib, zifanye kazi, yalikuwa kwenye saratani ya mapafu ya aina ya tezi, hasa kwa watu wasiovuta sigara. Katika seli bapa mabadiliko hayo ni adimu. Kinachoonekana zaidi ni nakala za ziada au kipokezi kuzalishwa kwa wingi, iwe mdomoni, kwenye umio au mapafuni, ambako kipokezi kingine, FGFR1, nacho hurudufishwa. Kingamwili iitwayo cetuximab, inayoziba EGFR, iliidhinishwa Marekani mwaka 2006 kwa saratani ya seli bapa ya kichwa na shingo.

Kibofu kina hadithi yake. Mwaka 1999 watafiti wa Ufaransa waliripoti mabadiliko ya jeni ya FGFR3, kipokezi cha jamii moja na FGFR1, katika saratani ya kibofu, na baadaye ikabainika kuwa hupatikana sana katika vivimbe vya kawaida visivyo vikali. Mwaka 2019 dawa ya erdafitinib iliidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wenye mabadiliko ya aina hiyo. Saratani ya seli bapa ya kichocho haiko upande huo. Uharibifu wake unaojulikana zaidi uko kwenye jeni za kuzuia: TP53, inayosimamisha seli yenye hitilafu, na CDKN2A, ambayo mara nyingi hupotea kabisa. EGFR huweza kuonekana kwa wingi kwenye uvimbe huo, lakini wingi huo peke yake haujazaa dawa ya kutegemewa. Tiba kuu imebaki upasuaji wa kuondoa kibofu chote. Ni haki kusema kwamba mapinduzi ya dawa za vipokezi yamempita mkulima wa Tana pembeni, na si kwa sababu ya bei tu: jeni zake hazikuharibika mahali ambapo dawa hizo hulenga.

Kinga ndiyo iliyosonga mbele. Zamani kichocho kilitibiwa kwa sindano za antimoni, zilizoripotiwa kutoka Khartoum mwaka 1918 na kuogopwa kwa madhara yake. Prazikuanteli, vidonge vya siku moja kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kilo ya uzito, ilibadilisha kila kitu kuanzia miaka ya 1980, na pwani ya Kenya, hasa Msambweni, ilikuwa miongoni mwa mahali ilipopimwa kwa wanafunzi. Misri iliisambaza nchi nzima, na sehemu ya saratani ya seli bapa kati ya saratani zake za kibofu ikashuka kutoka wingi mkubwa hadi uchache. Kenya imepeleka dawa hiyo kupitia shule. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba, pale ambapo angalau mtu mmoja kati ya kumi ameambukizwa, watu wote kuanzia umri wa miaka miwili wapewe, wakiwemo watu wazima wanaofanya kazi majini.

Vidonge huua minyoo, lakini haviondoi kovu la kibofu wala seli zilizokwisha kugeuka. Kwa mtoto wa Bura, damu kwenye mkojo kwa kawaida ni kichocho na hutibika. Kwa mtu wa miaka 40 au 50 aliyekulia mfereji huohuo, damu inayorudi baada ya dawa inahitaji hospitali yenye kamera ya kuchungulia kibofu, na inahitaji mapema.