Lugha ya Amri, Lugha ya Majibu

Katika ofisi nyingi za Dar es Salaam, salamu za asubuhi, utani na manung'uniko ya mshahara huenda kwa Kiswahili; ajenda, taarifa na muhtasari wa kikao huandikwa kwa Kiingereza. Fundi anayetoa hoja yake kwa Kiswahili huikabidhi kwa katibu, na inaporudi kikao kijacho imevaa nguo za mwingine. Huenda mwenyewe asiitambue.

Mjadala kuhusu ushirikishwaji kazini kwa kawaida huanza na swali hili: je, wafanyakazi wana lugha ya pamoja? Naona swali hilo halitoshi, na historia ya Kiswahili chenyewe ndiyo shahidi wangu. Kenya ya walowezi ilikuwa na lugha ya pamoja shambani na jikoni: Kisetla, Kiswahili kilichopukutishwa viambishi, kikabakizwa vitenzi vya kuamrisha. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara, akakinadi kwa askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Mpishi na kibarua hawamo katika orodha hiyo ya wanafunzi. Wao ndio wa kusemeshwa. Lugha ya namna hiyo ilitosha kuagiza chai na kufoka. Haikujengwa kwa ajili ya kujibiwa.

Kule Katanga, nchini Kongo, mambo yalichukua mkondo mwingine. Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, iliwaleta migodini watu wa Kasai, wa Rhodesia ya Kaskazini na wa Ruanda-Urundi, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi. Hapo nako kilianza na amri. Lakini wachimbaji walihamia na wake zao, wakalea watoto kwa lugha hiyo, wakagombana na kuposa kwayo, hata ikafika jukwaani: kundi la maigizo la Mufwankolo liliwachekesha watu wa Lubumbashi kwa Kiswahili kilekile cha migodini. Kilichobadilika si msamiati peke yake. Aliyekuwa akiamrishwa alipata mahali pa kusemea.

Sheria za Tanzania hazijalipuuza suala hili. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri ahakikishe kuwa mfanyakazi asiyeelewa maelezo ya ajira yake yaliyoandikwa anafafanuliwa kwa namna atakayoielewa. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 nazo zinataka mtuhumiwa wa kosa la nidhamu ajulishwe tuhuma zake kwa lugha anayoweza kuielewa. Ni kinga za maana. Ila zote mbili zinamtazama mfanyakazi kama msikilizaji.

Nisieleweke kwamba Kiswahili kikiingia kwenye muhtasari basi kazi imekwisha. Sisi wenyewe tuna makosa yetu. Mkongo au Mrundi anayefanya kazi Arusha hukutana na Mtanzania anayemcheka lafudhi kabla ya kusikia hoja, kisha huyohuyo mchekaji akalalamika kwamba wageni hawachangii. Usanifu nao unaweza kuwa kiboko.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo, na linahusu utaratibu kuliko sera: muhtasari usomwe kwa sauti katika lugha iliyotumika kikaoni, na kila aliyetoa hoja awe na haki ya kurekebisha maneno yake kabla ya sahihi kuwekwa. Wenyeviti watasema hakuna muda. Ni kweli, itahitajika kama nusu saa zaidi. Leo kipengele cha kuthibitisha muhtasari hupita kwa dakika moja, na wepesi huo hauna uhusiano wowote na kukubaliana: walio wengi mezani wanaogopa kubishana na karatasi ambayo hawana hakika wameisoma sawasawa.