Super Matimila

Super Matimila (pia: Orchestra Super Matimila) ilikuwa bendi ya muziki wa dansi ya Dar es Salaam, Tanzania, iliyopata umaarufu mkubwa katika miaka ya 1980 na 1990 chini ya uongozi wa mwimbaji na mpiga gitaa Remmy Ongala (1947 - 2010). Ni miongoni mwa bendi chache za Tanzania za wakati huo zilizorekodi katika mazingira mawili yasiyofanana hata kidogo: studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD), na studio za kampuni ya Real World nchini Uingereza. Kwa sababu hiyo kuna Super Matimila mbili masikioni mwa watu. Msikilizaji wa Tanzania anaikumbuka ile ya redio na kaseti. Msikilizaji wa Ulaya anaijua ile ya santuri za mwaka 1989 na 1992. Makala hii inafuatilia jinsi sauti ya bendi ilivyobadilika kutoka rekodi moja hadi nyingine.

Asili ya kiongozi wake

Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka 1947 karibu na Kindu, mashariki mwa Kongo, wakati huo ikiwa Kongo ya Wabelgiji. Leo Kindu ni makao makuu ya mkoa wa Maniema. Jina hilo si geni kwa wakazi wa Ujiji na Kigoma, kwa kuwa Wamanyema wamekaa ng'ambo hii ya Ziwa Tanganyika tangu karne ya 19, na Kiswahili ni lugha ya pande zote mbili za ziwa. Ndiyo maana si sahihi sana kusema, kama inavyosemwa mara kwa mara, kwamba Remmy alikuja Tanzania "akajifunza Kiswahili". Alikuja na Kiswahili chake cha Kongo, na alama zake zilibaki. Wimbo mmoja wa mwaka 1992 umeandikwa kwenye jalada *Inchi Yetu*. Mwalimu wa Kiswahili wa Bara angeweka alama nyekundu hapo, lakini "inchi" ndivyo watu wengi wa Kongo wanavyotamka, na vitabu vya zamani viliandika hivyo hivyo.

Baba yake alikuwa mtu wa ngoma, na kwake ndipo Remmy alipoanza kupiga tumba. Inasimuliwa kwamba alizaliwa akiwa na meno mawili tayari, baada ya mama yake kufiwa na watoto wengine, na kwamba mganga aliagiza nywele zake zisikatwe. Kutokana na simulizi hiyo alipewa jina la Dokta Remmy. Baba alifariki Remmy akiwa bado mdogo, na mama akafuata mwaka 1964. Kijana huyo akaishi kwa muziki, akipiga katika bendi mbalimbali za Kongo, Uganda na Kenya.

Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kwa mwito wa mjomba wake, Mzee Makassy, kiongozi wa Orchestra Makassy. Alikaa katika bendi hiyo takriban miaka mitatu. Makassy alipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Remmy alibaki Dar es Salaam akaingia Matimila, ambayo baadaye ikaitwa Super Matimila.

Muundo wa bendi

Dar es Salaam ya wakati huo ilijaa bendi kubwa. Juwata (Msondo) ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi, DDC Mlimani Park (Sikinde) ilikuwa ya shirika la maendeleo la jiji, Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama, na Maquis ilikuwa ya Wakongo. Nyingi zilikuwa na safu ya tarumbeta na saksafoni, na waimbaji watatu au wanne waliopokezana.

Super Matimila ilikuwa tofauti. Magitaa matatu ndiyo yaliyobeba kazi, pamoja na gitaa la besi, drams, tumba na saksafoni. Mpiga solo aliyejulikana zaidi ni Batii Osenga. Keppy Kiombile alipiga besi. Mbele yao alisimama mwimbaji mwenye sauti nzito iliyokwaruza kidogo, aliyeongea karibu kama anavyoimba. Waimbaji laini walikuwa wengi mjini, na kwa utamu wa koo Remmy hakuwa wa kwanza. Nguvu yake ilikuwa katika kusema. Muziki wake mwenyewe aliuita "ubongo", yaani muziki wa kichwa, wa kufikiri, si wa miguu peke yake.

Rekodi za Redio Tanzania

Hadi miaka ya 1990 Tanzania Bara ilikuwa na kituo kimoja tu cha redio, na bendi iliyotaka kusikika nchini ilipitia humo. Nchi haikuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi. Kwa hiyo rekodi nyingi za dansi za miaka ya 1980 si santuri bali ni mikanda iliyohifadhiwa redioni.

Utaratibu wa kurekodi ulikuwa rahisi na mgumu kwa wakati mmoja. Bendi nzima iliingia studio na kupiga kwa pamoja, mbele ya maikrofoni chache, wimbo mzima kwa mkupuo mmoja. Hakukuwa na kurekodi gitaa leo na sauti kesho. Mpiga tumba akikosea dakika ya sita, wote huanza upya. Matokeo yake ni sauti iliyoshikana: magitaa yanaingiliana hata huwezi kusema hili ni la pili au la tatu, besi iko mbali kidogo, na sauti ya mwimbaji iko mbele kabisa, kama mtu anayeongea nawe ukumbini.

Wimbo wenyewe ulikuwa na sehemu mbili, kama ulivyokuwa muziki wa dansi kwa jumla. Sehemu ya kwanza ni ya taratibu, ya kueleza kisa. Ya pili ni chemko, ambapo solo linachukua nafasi na watu wanacheza. Tofauti ya Super Matimila ni kwamba Remmy hakunyamaza kwenye chemko. Aliendelea kuhutubia, kutania, kuuliza maswali na kujijibu. Katika rekodi za redio jambo hilo linasikika wazi, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumkata.

Nyimbo za kipindi hiki ndizo zilizomfanya aitwe sauti ya wanyonge. *Mnyonge Hana Haki* unaeleza hali ya maskini mbele ya mwenye nacho. *Ndumila Kuwili* unawasema wanafiki, wanaouma huku na huku. *Nalilia Mwana* ni kilio cha asiyejaliwa mtoto, jambo ambalo watu wengi waliliona aibu kulitaja hadharani. Ni wimbo wa huzuni unaochezeka, na mtu aliyeusikia kwa mara ya kwanza kwenye redio ya betri jioni hausahau kwa urahisi.

Kwa upande wa malipo, wanamuziki walinufaika kidogo mno na rekodi hizo. Zilipigwa redioni kwa miaka mingi, zikanakiliwa kwenye kaseti mitaani, lakini riziki ya bendi ilitoka mlangoni mwa ukumbi, kwa viingilio vya kila wiki.

Nalilia Mwana (1988)

Mkanda wa nyimbo za bendi ulichukuliwa na rafiki Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao, akaufikisha kwa WOMAD, taasisi ya matamasha ya muziki wa dunia iliyoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel na wenzake, na ambayo tamasha lake la kwanza lilifanyika mwaka 1982. Bendi ilialikwa katika ziara ya mwaka 1988, na mwaka huo huo ikatolewa albamu *Nalilia Mwana*.

Albamu hii ni ya nje kwa jalada lakini ya ndani kwa sauti. Iliyosikika Ulaya ni bendi ile ile iliyorekodiwa Tanzania, na nyimbo zake ni ndefu kama zilivyokuwa. Anayetaka kujua Super Matimila ilivyokuwa kabla haijaguswa na studio kubwa aanzie hapa, si kwenye zile mbili zinazofuata, ingawa ndizo zinazopatikana kwa urahisi zaidi.

Songs for the Poor Man (1989)

Real World Records ilianza kutoa albamu mwaka 1989, na *Songs for the Poor Man* ("Nyimbo za Maskini") ilikuwa miongoni mwa za mwanzo. Ilirekodiwa katika studio za kampuni hiyo zilizopo kijiji cha Box, wilaya ya Wiltshire.

Hapa mabadiliko yanasikika tangu sekunde za kwanza. Kila chombo kimepewa nafasi yake. Yale magitaa matatu, ambayo redioni yalikuwa kama mkeka uliosukwa, sasa yanaweza kuhesabika: moja kulia, moja kushoto, solo katikati. Besi imeshuka chini na kujaa. Ngoma ndogo ndogo ambazo mkanda wa RTD ulizimeza zinasikika. Katika *Kipenda Roho* na *Karola* uzuri wa upigaji wa bendi hii unaonekana kuliko mahali pengine popote, na hakuna sababu ya kuona haya kusema kwamba studio ya Wazungu iliwatendea haki wapiga gitaa.

Kwa mwimbaji, hesabu ni nyingine. Sauti yake imerudishwa nyuma kidogo, ikawa chombo kimoja kati ya vingine. Hilo lina mantiki kwa msikilizaji asiyejua Kiswahili, ambaye kwake maneno ni mlio tu. Kwa anayekijua, mhubiri amesogezwa mbali na kipaza sauti. Hata hivyo nyimbo zote zilibaki na mambo yake: wimbo *Muziki Asili Yake Wapi* unauliza swali ambalo lilifaa sana kuulizwa mahali pale, mbele ya watu waliokuwa wakiuweka muziki wa mataifa mengi katika fungu moja la "muziki wa dunia".

Mambo kwa Soksi

Kati ya albamu mbili za Real World, nyumbani bendi iliendelea na maisha yake. Ukimwi ulikuwa ukiua, na Remmy akatunga *Mambo kwa Soksi*, wimbo unaohimiza matumizi ya kondomu, ambayo mitaani iliitwa soksi. Redio Tanzania haikuupiga, ikiuona unavuka mipaka ya adabu.

Kukataliwa huko hakukuuzika wimbo. Ulienea kwa kaseti na kwenye maonyesho, ukaimbwa na watoto wasiojua maana yake, na ukawa pengine wimbo wake unaojulikana zaidi nchini. Kwa historia ya rekodi una maana yake pia: ulithibitisha kwamba kufikia wakati huo bendi iliweza kusikika nchi nzima bila kupita Barabara ya Pugu, zilipokuwa studio za redio. Vituo binafsi vilipoanza mwaka 1994, mlango ambao kaseti ilikuwa imeufungua ulipanuka.

Mambo (1992)

Albamu ya pili ya Real World ilisimamiwa na mtayarishaji Rupert Hine, Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi na Tina Turner na Howard Jones, watu wa pop. Athari yake ni dhahiri. Nyimbo zimenyooshwa, mwanzo na mwisho vimepangwa, na muziki mzima umepigwa msasa.

Badiliko kubwa zaidi ni la lugha. Nyimbo kadhaa, kama *No Money, No Life*, *One World* na *What Can I Say*, zinatumia Kiingereza. Nia inaeleweka: mtu mwenye ujumbe anataka aeleweke na aliye mbele yake. Lakini Kiingereza cha Remmy kilikuwa cha kuazima, na nacho kilimnyang'anya zile methali, mafumbo na vijembe vilivyokuwa silaha yake. Mtu aliyejibizana na kifo kwa Kiswahili anabaki na sentensi fupi fupi kuhusu amani na pesa. Ni katika nyimbo za Kiswahili za albamu hiyo hiyo, kama *Kidogo Kidogo*, ndipo anarudi mwenyewe, na bendi nayo inachangamka.

Wapo wanaoiona *Mambo* kuwa kazi bora kwa usafi wake, na kama kipimo ni usafi wa rekodi, hawajakosea.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1995 ilitoka albamu *Sema*, chini ya WOMAD Select. Kufikia hapo hali ya muziki wa dansi ilikuwa imebadilika. Taarabu ya kisasa na baadaye muziki wa kizazi kipya viliwavuta vijana, na kumbi zikapungua wateja.

Mwaka 2001 Remmy alipata kiharusi. Baadaye aliacha dansi, akaokoka na kugeukia nyimbo za Injili, na Super Matimila aliyoiongoza ikafikia mwisho. Sauti yake katika nyimbo hizo ni ya mtu aliyeugua, lakini desturi ya kuongea katikati ya wimbo haikumtoka. Alifariki dunia tarehe 13 Desemba 2010 nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Kituo cha daladala kilicho karibu na alipoishi kinaitwa Sinza kwa Remmy, na makondakta wanakitaja kila siku, wengi wao wakiwa wadogo mno kuwahi kuiona bendi jukwaani.