Warsan Shire

Warsan Shire (amezaliwa Nairobi, Kenya, 1 Agosti 1988) ni mshairi wa Uingereza mwenye asili ya Kisomali. Wazazi wake ni Wasomali. Alihamia nao Uingereza akiwa na umri wa mwaka mmoja, akakulia London. Huandika kwa Kiingereza, lakini Kisomali cha nyumbani kimo ndani ya mashairi yake, pamoja na dua, majina ya jamaa na mazungumzo ya wanawake.

Kijitabu chake cha kwanza, *Teaching My Mother How to Give Birth*, kilitoka mwaka 2011. Mwaka 2013 alipata tuzo ya kwanza kabisa ya ushairi wa Kiafrika ya Chuo Kikuu cha Brunel, kisha akateuliwa kuwa mshairi rasmi kijana wa kwanza wa jiji la London.

Shairi lake linalojulikana zaidi, "Home", lina mizizi Roma, ambako alikutana na wakimbizi vijana waliokuwa wakiishi katika jengo lililotelekezwa la ubalozi wa Somalia. Shairi hilo lilienea duniani mwaka 2015, wakimbizi walipokuwa wakifa maji Mediterania, na hadi leo ni vigumu kupata maandishi mafupi yanayomtetea mkimbizi kwa nguvu kama hayo.

Mwaka 2016 mwanamuziki Beyoncé alitumia mashairi ya Shire katika filamu ya albamu *Lemonade*. Diwani kamili ya kwanza ya Shire, *Bless the Daughter Raised by a Voice in Her Head*, ilichapishwa mwaka 2022.