Kamba, risasi na kalamu: hukumu ya kifo katika inchi yetu

Wengi wanafikiri kwamba hukumu ya kifo ililetwa na Wabelgiji, pamoja na boloko na fimbo. Si vile kabisa. Kwa Watabwa wa upande wa Moba, sawa kwa makabila mengine, aliyesingiziwa uchawi alinyweshwa mwavi. Asipotapika, ni kufa. Lakini mtu akiua mwenzake, pahali pengi jamaa yake ililipa damu: kwa mali, kwa ng'ombe, ao kwa kutoa msichana kusudi azae watoto pahali pa marehemu. Tusiisifu sana desturi hiyo, juu yule msichana hakuulizwa neno. Hata hivyo wazee walikaa wengi, na kila upande ulisema.

Wazungu walileta uamuzi wa kalamu. Tarehe 3 Oktoba 1921, tribinali ya kijeshi ya Thysville (leo Mbanza-Ngungu) ilimukatia Simon Kimbangu hukumu ya kifo. Alikuwa ameua nani? Hakuna. Alihubiri tu na watu wakamufuata. Mfalme Albert wa Kwanza, kule Ubelgiji, aligeuza hukumu ile kuwa kifungo cha maisha. Kimbangu akaletwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu, akafia bolokoni tarehe 12 Oktoba 1951, kisha miaka 30. Sheria ya azabu ya 1940 nayo iliandika kifo kati ya malipizi, na neno hilo lingali pale.

Uhuru haukulifuta. Siku za Pentekoste 1966, watu wane walishikwa kwa neno la kutaka kumupindua Mobutu: Évariste Kimba, mwana wa Katanga aliyekuwa waziri wa kwanza mwaka 1965, Jérôme Anany, Alexandre Mahamba na Emmanuel Bamba, ambaye alikuwa mtu mkubwa wa kanisa la Kimbangu. Kwa siku chache tu walishikwa, wakahukumiwa, wakanyongwa Kinshasa mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Kimbangu aliachiliwa uhai na mfalme mgeni. Bamba hakuachiliwa na raisi mwenyeji. Mobutu alitaka watu waone, na waliona: kwa miaka mingi, watu waliogopa hata kutaja siasa kwa sauti. Leo uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa unaitwa Stade des Martyrs kwa ukumbusho wa wale wane. Vijana wangapi wanaoingia pale kutazama Léopards wanajua hayo?

Mzee Laurent-Désiré Kabila aliunda tribinali yake ya kijeshi mwaka 1997, Cour d'ordre militaire. Haikuwa na rufaa. Aliyehukumiwa alibaki na tumaini moja tu: huruma ya raisi, tena kalamu ya mtu mumoja. Wengi walipigwa risasi. Mara ya mwisho ilikuwa Januari 2003. Mwezi ule ule, watu zaidi ya 20 walihukumiwa kufa juu ya mauaji ya Mzee mwenyewe, lakini hawakuuawa.

Kisha hapo risasi zilinyamaza, na wengi tukazoea kusema hukumu ya kifo imekwisha. Hapana. Katiba ya 2006 inalinda uhai, lakini mwaka 2010 wabunge walikataa kufuta hukumu hiyo. Kilichokuwepo ni desturi ya kutotekeleza, si sheria. Ndiyo sababu barua moja ya waziri wa sheria, ya tarehe 13 Machi 2024, ilitosha kuiondoa. Barua ilitaja wasaliti katika jeshi na majambazi wa mjini. Wengi walishangilia, na sishangai: mtu aliyekatwa na panga la kuluna hataki kusikia habari ya rufaa. Lakini askari masikini anayeitwa msaliti leo, nani atasema upande wake?

Septemba 2025, tribinali kuu ya kijeshi ilimuhukumu kufa Joseph Kabila, bila yeye kuwepo. Ni chini ya utawala wake ndipo risasi zilinyamaza. Na hadi alipoondoka Januari 2019, sheria yenyewe haikufutwa.