Ngisi wa Mpira Katika Ziwa la Maji Baridi

Ndugu msomaji, umewahi kumwona ngisi katika Ziwa Viktoria? Hujamwona, wala hutamwona, maana ngisi ni mnyama wa maji chumvi. Lakini mimi nilimwona mmoja Nyamirembe, ndani ya kopo la maziwa la mjomba wangu. Alikuwa ngisi wa mpira, rangi ya waridi, macho ya kuchorwa, mikia imechakaa. Nilipomshika alilegea mkononi kama kitu kilicho hai. Huyo ndiye aliyenifanya nianze kuulizia habari za chambo. Kumbe habari za chambo ni historia yetu sisi watu wa Ngara na Biharamulo!

Mjomba alizaliwa Ngara, kwenye mito ya Ruvubu na Kagera inayokutana jirani na Maporomoko ya Rusumo. Alihamia Nyamirembe akiwa kijana, wakati huo Nyamirembe ikiwa bado wilaya ya Biharamulo. Mwaka 2005 Chato ikawa wilaya, na mwaka 2012 ikaingizwa katika mkoa mpya wa Geita. Ziwa halikusogea hata hatua moja, ila Biharamulo ikabaki haina ufuko wa Viktoria hata wa kunawia miguu.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1905 nyavu za kitani zililetwa Ghuba ya Kavirondo, upande wa Kenya. Miaka ya 1950 zikaja za nailoni. Katika miaka hiyohiyo na mwanzoni mwa 1960, sangara kutoka Ziwa Albert alipandikizwa upande wa Uganda. Ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa ziwa zima. Aliwala furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi, na wataalamu wanakadiria kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka.

Sasa fikiri jambo hili. Sangara huvuliwa pia kwa migonzo, yaani kamba ndefu yenye ndoano nyingi, inayolazwa jioni na kuinuliwa asubuhi. Kila ndoano inataka chambo. Furu ndiye aliyekuwa chambo kizuri, na sangara kammaliza! Wavuvi wakageukia watoto wa kambare na domodomo. Chambo kikawa biashara, tena kinanunuliwa kwa kuhesabu, mmoja mmoja. Asiye na fedha hukopa, akikosa samaki deni linabaki palepale.

Halafu ukaja mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi, wakikimbia Rwanda. Mama yangu alikuwa binti mdogo. Mpaka leo akisimulia hushusha sauti. Mto Kagera ulibeba maiti hadi ziwani, na Uganda watu wengi wakaacha kula samaki. Mjomba anasema hata kwao wanunuzi walisita, ila mwenye chambo hakusita kudai.

Siku hizo mvuvi mwenzake, mtu wa Tanga, alimpa yule ngisi. "Chukua bwana, huyu haozi wala hakopeshwi."

Pwani kuna uvuvi uitwao kurambaza. Chombo kinakwenda kwa tanga au kwa mashine, na nyuma yake mshipi unaburutwa wenye ndoano na chambo. Hivyo huvuliwa nguru, jodari na sulisuli. Ngisi halisi ni chambo kizuri, ila huoza, huchanika, na mwenye njaa angependa kumla mwenyewe. Wa mpira ana kichwa chenye uwazi. Mshipi hupita humo, ndoano ikajificha katikati ya mikia. Akivutwa, mikia hucheza majini. Mwandishi Ernest Hemingway alikuja Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, kuvua samaki wakubwa mwaka 1954, mwaka aliopata Tuzo ya Nobel. Yeye aliifuata bahari kwa starehe. Mjomba alikuwa na deni.

Basi, mjomba akamfunga ngisi kwenye migonzo. Wiki nzima hakupata kitu. Mtu wa Tanga akacheka hadi machozi. "Umemlaza! Aliyelala nani atamfukuza?"

Hapo ndipo mjomba alipoelewa. Chambo halisi kina harufu, hata kikitulia kinaita. Cha bandia hakina harufu. Uhai wake wote ni mwendo. Jioni moja, akirudi kwa kupiga kasia, alimfunga ngisi nyuma ya mtumbwi. Karibu na mawe mshipi ukakaza ghafla, ukamkata vidole. Alikuwa sangara mkubwa, aliyedanganywa na mnyama ambaye hakuna samaki wa ziwa lile aliyepata kumwona.

Usidhani alitajirika, la hasha. Mshipi mmoja hauwezi kushindana na ndoano mia, na kupiga kasia usiku kucha si mchezo. Alirudi kwenye migonzo, na deni akalimaliza kidogokidogo. Nami sitaki kumsifu ngisi kupita kiasi: akikatika hubaki majini kama takataka. Lakini kila anapotumika yeye, mtoto wa kambare mmoja amepona kuwa chambo.

Shuleni tulifundishwa habari za Wajerumani na boma lao la Biharamulo. Chambo hakikutajwa hata mara moja, ingawa ndicho kilichoamua nani ale na nani adaiwe.

Mwaka jana nilimwuliza, "Shikamoo mjomba. Mbona hukumtupa huyu?"

"Marahaba, mwanangu," alijibu, akifunika kopo. "Nimtupe vipi? Katika ziwa lote hili, huyu peke yake ndiye aliyenifanyia kazi bila kunidai."